Wafanyakazi wa Matopeni

Shuleni tulichorewa ubaoni mzunguko wa nitrojeni: mishale, mmea, ng'ombe. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Hatukuambiwa kwamba mzunguko ule una historia, na kwamba kuna watu waliuvunja bila kujua, kisha wakalipa pesa kuurudisha.

Tuanzie Ufaransa, mwaka 1877. Wakemia wawili, Schloesing na Müntz, walijaza bomba refu mchanga na chokaa, wakapitisha humo maji machafu pole pole. Siku ishirini za kwanza, kimya. Kisha amonia iliyomo majini ikaanza kugeuka nitreti, chakula cha mimea. Ingekuwa kemia tupu, mbona haikuanza siku ya kwanza? Wakaingiza mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Wakauondoa, wakatia maji yaliyooshea udongo mbichi, kazi ikaanza upya. Kumbe mle ndani mna viumbe kazini! Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zurich, akafanikiwa kuwatenga vijidudu wenyewe.

Miaka hiyo hiyo ya 1880, mjini Bordeaux, Gayon na Dupetit walichunguza kundi jingine, lenye kazi ya kinyume. Hawa wanakaa kwenye matope yasiyo na hewa. Wakikosa oksijeni wanatumia ile iliyofungwa ndani ya nitreti, na nitrojeni inarudi angani. Kiwanda chao hasa ni kinamasi.

Sasa twende Denmark. Kati ya 1962 na 1968 wahandisi waliunyoosha mto Skjern kama rula, wakakausha karibu hekta 4,000 za bonde lake ili zilimwe. Simcheki mkulima wa siku zile. Shamba ni shamba. Lakini maji yenye mbolea ya chumvichumvi sasa yalikimbia moja kwa moja hadi ghuba ya Ringkøbing, bila kupita kwa wale wafanyakazi wa matopeni. Udongo uliokauka ukadidimia. Chuma kilichokuwa kimelala ardhini kikapata hewa, maji yakawa na rangi ya kutu. Mwaka 1987 Bunge likaamua mto urudishwe, na kati ya 1999 na 2002 ukapindwa tena, hekta zipatazo 2,200 zikarudishiwa hali yake.

Je, mambo yamekwisha? Bado. Maji unaweza kuyarudisha kwa siku moja, lakini si udongo. Vijidudu wale wanataka majani yaliyooza, ndiyo chakula chao, na matope ya namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi. Tena kazi yao ikiishia njiani, hutoka oksidi ya nitrasi, gesi inayoongeza joto la dunia. Kurudisha kinamasi basi ni kazi nzuri, ila si kufuta kosa kama chaki ubaoni.

Sisi vijana wa mjini tukiona kinamasi tunaona mbu na mahali pa kumwaga takataka. Tukiandika historia tunaandika wafalme na vita. Lakini humo matopeni kuna waliofanya kazi kabla ya mfalme yeyote, bila mshahara, na hakuna aliyewauliza siku walipofukuzwa. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Wadenmark walishaota. Wewe na mimi bado tuna nafasi ya kutazama tunapokanyaga.