Mwaka Mmoja Kabla ya Goessel

Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta watu 556 Goessel, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 2010 walikuwa 539. Ziko shule za kata kwetu zenye wanafunzi wengi kuliko hao.

Kilichonivuta ni neno Mennonite, ambalo mtu wa Mara halihitaji kufafanuliwa, maana misheni yao ya Shirati ilianza 1934. (Waliokuja Shirati walitumwa kutoka Pennsylvania, tawi jingine kabisa.) Wa Goessel walikuwa wakulima wenye kuzungumza Kijerumani, usharika wa Alexanderwohl katika makazi ya Molotschna, kusini mwa Ukraine ya leo, wakati huo ikiwa chini ya Urusi. Imani yao iliwakataza kushika silaha, na serikali ya Tsar ilikuwa imewaahidi kuwa hawataitwa jeshini. Ahadi hiyo ilipoanza kuyeyuka miaka ya 1870, karibu usharika mzima ulifunga virago. Mwaka 1874 watu wapatao 800 walivuka bahari kwa meli mbili, Cimbria na Teutonia. Yaani waliofika ni wengi kuliko wanaoishi mjini leo.

Kampuni ya reli ya Santa Fe iliwapokea kwa mikono miwili, na haikuwa huruma. Serikali ilikuwa imeipa mamilioni ya ekari, nayo ilihitaji watu wa kuzinunua, kisha kusafirisha mavuno yao kwa mabehewa yake. Walilima ngano. Kwanza walikaa katika vijiji vidogo vidogo. Jina Goessel lilikuja 1895 pamoja na ofisi ya posta, kwa heshima ya nahodha Mjerumani aliyezama na meli yake, Elbe, Januari ya mwaka huo. Hakuwa mkulima, wala hakuwaleta yeye.

Habari za mji huu kwa kawaida huanzia 1874. Mimi narudi nyuma mwaka mmoja. Juni 1873, Wakansa, wenyeji ambao jimbo lenyewe limebeba jina lao, waliondolewa Council Grove, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka Goessel, wakapelekwa kusini, Oklahoma ya leo. Waliofika huko walikuwa 533. Karibu sawa kabisa na Goessel ya leo.

Sisemi wakulima wale waliwafukuza. Hawakugusa bunduki, na ardhi waliinunua kwa hati halali. Ila bunduki ilikuwa imeshafanya kazi yake kabla yao, na bei ya ekari ilitokana na hilo. Hata Molotschna walikotoka, majirani zao Wanogai, wafugaji Waislamu, walihama kwa maelfu kwenda Dola ya Osmani mnamo 1860, baada ya vita vya Krimea. Mtu anaweza kukataa vita maisha yake yote na bado akalima shamba ambalo vita vilimsafishia. Sijui kama kuna mafundisho ya kanisa lolote yanayotosha kulijibu hilo, na wenzangu darasani hubishana nami kila nikilitaja.

Wakansa, ambao leo hujiita Taifa la Kaw, wamerudi Council Grove kwa namna moja: wamepata tena kipande cha ardhi yao ya zamani karibu na mji huo. Walikinunua.