Kodi ya sola: tulipita wapi?

Kila Mswada wa Fedha ukija, hakosi mtu jukwaani anayedai yeye ndiye aliyewaletea wananchi sola. Mimi huangalia tarehe tu.

Sheria ya VAT ya 2013 iliweka 16% kwa vifaa vya sola. Paneli ya shilingi 10,000 ikawa 11,600. Kelele zikapigwa, 2014 kodi ikaondolewa. 2020 ikarudi, katikati ya korona, watu wakiwa hawana kitu mfukoni. 2021 ikatolewa tena. Sasa wewe mwenye duka dogo, uliyejaza mali wakati wa kodi, unashindana vipi na anayeagiza baada yake? Hilo jukwaani halisemwi.

Halafu kuna kanuni za 2012, wengi wamezisahau. Jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lilitakiwa kupata angalau 60% ya joto hilo kutoka kwa jua. Majengo ya zamani yalipewa miaka 5. Hebu hesabu hita za jua kwenye maghorofa ya mtaani kwenu.

Sheria ya Kawi ya 2019 nayo ikaruhusu mwenye sola kurudisha stima ya ziada kwenye gridi. Kanuni zake zilitoka 2024! Na ukirudisha uniti 100, unahesabiwa 50. Wanaotetea wanasema nyaya na transfoma lazima zilipiwe na mtu. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini anayekuahidi kwamba paa lako litakulipa, muulize kuhusu hizo 50 zingine.