Mwani na Tiba ya Meno: Historia ya Upimaji Wake

Kutoka Makomeno, mtaa wa mji wa Lubumbashi, hadi Bahari ya Hindi ni mwendo unaozidi kilomita 1,000. Hata hivyo mwani hufika huko ndani ya dawa ya meno. Karajinani, ute utolewao katika mwani mwekundu, hutiwa katika baadhi ya dawa hizo ili maji na unga visitengane. Mwani wa namna hiyo ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuutetea ukulima huo kwa miaka mingi.

Ute wa mwani wa aina nyingine ulikwisha kuingia vinywani zamani. Katika miaka ya 1920 Alphons Poller wa Vienna alitumia aga kuchukua umbo la meno. Aga ilitoka zaidi Japani. Vita Kuu ya Pili ilipoikata biashara hiyo, nafasi yake ikashikwa na aljineti, iliyogunduliwa na mkemia Mwingereza E. C. C. Stanford katika miaka ya 1880. Aljineti hukaa kinywani dakika chache tu. Kwa hiyo shaka haikumwelekea sana mgonjwa bali vumbi la unga wake, lenye silika, livutwalo na yule aukorogaye kila siku. Watengenezaji wakatoa unga usiotimka.

Shaka kubwa zaidi ilizuka mwaka 1969. Watafiti Marcus na Watt waliwanywesha simbilisi karajinani iliyovunjwavunjwa, iliyotokana na Eucheuma spinosum, yaani mwani uleule uliokuja kulimwa Unguja miaka 20 baadaye. Utumbo mpana wa wanyama hao ukafanya vidonda. Hapo jina moja likaleta mkanganyo mrefu, kwani karajinani iliyovunjwa kwa asidi ina molekuli fupi, nayo siyo itiwayo katika dawa ya meno. Mwaka 1983 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilizitenga mbili hizo: iliyovunjwa yawezekana kusababisha saratani kwa binadamu, na kuhusu isiyovunjwa ushahidi haukutosha kuipa hukumu. Watetezi huongeza kwamba dawa ya meno hutemwa. Hoja hiyo yamfaa mtu mzima. Mtoto mdogo humeza.

Upimaji huo ulimtazama mtumiaji. Mkulima, ambaye Unguja aghalabu ni mwanamke ainamaye majini saa nyingi maji ya bamvua yanapokupwa, akifunga mwani kwenye kamba, alichelewa kuulizwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wanawake hao walilalamikia uchovu, maumivu ya misuli, matatizo ya macho na kuumizwa na viumbe wa baharini, nao waliiona afya yao kuwa duni kuliko wanawake wa kazi nyingine walivyoiona ya kwao.