Usukani Unaocheza

Neno usukani, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo manahodha wa pwani yetu walilitumia kwa ule ubao wa tezini uelekezao jahazi, limehamia nchi kavu bila ya kupoteza taadhima yake. Ila huko gereji, kwa mafundi wa pikapu za Land Cruiser zibebazo shehena nzito, limepata mwandani, nalo ni neno kucheza. Mwenye gari akilalamika kwamba kila apigapo shimo usukani humtetemekea mikononi, fundi humjibu, "Bushi zinacheza, mzee," na kucheza huku, kusikokuwa na furaha yoyote, ni ile nafasi ndogo ipatikanayo raba ya bushi ikilika, hata chuma kikaanza kugonga chuma. Fundi huthibitisha kwa kuiwasha injini magurudumu yakiwa chini, msaidizi akiugeuza usukani kushoto na kulia upesi, naye amelala uvunguni akikitazama kile chuma cha kukingama kiunganishacho ekseli na fremu kupitia bushi hizo: ncha yake ikisogea ndani ya makao yake, hukumu imekwisha. Bushi mpya zikishatiwa, bolti hazikazwi kabisa gari lingali juu ya jeki, bali hungojwa uzito wake ukalie magurudumu, la sivyo raba hubaki imesokoteka na kuchanika kabla ya wakati. Wako wasemao bushi "zimelegea". Nionavyo, mafundi ni wafasaha zaidi, kwani nati iliyolegea hukazwa, ilhali bushi iliyokwisha kucheza hung'olewa kwa presi.