Hatua Iliyotangulia Ugonjwa: Hofu ya Korona na Uzio wa Migodi, Kolwezi 2020

Virusi vya korona vilipoingia Lualaba, mkoa wa Kolwezi, vilikuta hofu imeshapanga nyumba. Mgonjwa wa kwanza nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Kolwezi ilikaa wiki nyingi baada ya hapo bila mgonjwa aliyethibitishwa, na mwishoni mwa Juni, taifa lilipokuwa limehesabu wagonjwa zaidi ya 7,000, karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa wa Kinshasa. Hata hivyo, kabla ya Machi kwisha, shule, makanisa na baa za Manika na Dilala, komini mbili zinazounda mji wa Kolwezi, zilikuwa zimefungwa. Safari za kutoka Kinshasa zilikuwa zimezuiwa. Wafanyakazi wa migodi mikubwa nao walianza kuambiwa kwamba zamu ikiisha hawatarudi kwao.

Watu wa Kolwezi, kwa hiyo, walikutana na hatua za kujikinga kabla ya kukutana na ugonjwa wenyewe. Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Kwa kuwa ugonjwa haukuonekana na hatua zilionekana, ugonjwa ulipimwa kwa hatua. Mengi yaliyosemwa mitaani wakati ule, na ambayo wataalamu wa afya waliyaweka katika kapu moja la upotoshaji, yalihusu zaidi gharama ya kinga kuliko kuwepo kwa virusi: nani anailipia, na inamlinda nani.

Maelezo yaliyozoeleka ni tofauti. Mapema mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba ugonjwa huu unaandamana na mafuriko ya habari, za kweli na za uongo, na tangu hapo tafiti nyingi zimejikita katika kuhesabu imani: wangapi wanadhani korona ni ugonjwa wa Wazungu, wangapi wanaamini jua la Afrika linaua virusi, wangapi wanasema serikali imebuni wagonjwa ili ipate fedha za wafadhili. Hesabu hizo zina faida yake. Kasoro ni kwamba zimeshalijibu swali kabla ya kuliuliza: raia hajui, mtaalamu anajua, basi kilichobaki ni kufundisha. Mfano mzuri ni utafiti uliofanywa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, Septemba 2018, Ebola ilipokuwa inaenea huko, ukachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet Infectious Diseases. Kati ya watu wazima 961 waliohojiwa, mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Nambari hiyo ilizunguka dunia nzima. Nyingine iliyokuwa kando yake haikupata bahati hiyo: chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao. Desemba mwaka huohuo wapiga kura wa Beni na Butembo waliondolewa katika uchaguzi wa rais, kwa hoja ya Ebola na usalama. Mtu aliyenyimwa kura kwa ajili ya ugonjwa ana sababu ya kuuliza ugonjwa huo ni wa nani, hata kama jibu analojipa si sahihi.

Mwaka 2020 Kongo nzima ilikuwa na sababu za namna hiyo, na zilikuja kwa kasi. Waziri wa Afya, Eteni Longondo, alimtangaza mgonjwa wa kwanza kuwa ni Mbelgiji. Ikabidi tangazo lirekebishwe, kwani alikuwa Mkongomani anayeishi Ufaransa. Siku chache baadaye zamu ikawa ya Katanga. Abiria wawili waliotoka Kinshasa kwa ndege walitajwa kuwa wagonjwa mjini Lubumbashi, na Jumatatu tarehe 23 Machi gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula, akaufungia mkoa huo ndani kwa saa 48. Vipimo vya marudio vya taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu, INRB, vikaonyesha kwamba abiria hao hawakuwa na virusi. Jumatatu hiyohiyo, Kinshasa, mahakama ilimhukumu aliyekuwa waziri wa Afya, Oly Ilunga, kifungo cha miaka mitano kwa kufuja fedha za kupambana na Ebola, zaidi ya dola 400,000. Kesho yake Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura ya kiafya.

Ni vigumu kuipanga kalenda hiyo vibaya zaidi. Anayesema kwamba watu walidanganywa na WhatsApp walipodai kuwa korona ni biashara ya wakubwa anasahau kwamba habari ya biashara ya wakubwa ilitoka kwa hakimu. Zaidi ya hayo, surua ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 nchini tangu mwanzoni mwa 2019, wengi wao watoto wadogo, na hakuna mkoa uliofungwa kwa ajili yao. Mama wa Manika hakuhitaji shahada ya afya ya jamii ili aione tofauti hiyo.

Lakini kilichoifanya Lualaba iwe tofauti na Kinshasa au Beni ni uzio wa mgodi, na hapo ndipo tunapaswa kukaa zaidi.

Kampuni kubwa za shaba na kobalti ziliamua kuendelea na kazi kwa kuyageuza maeneo yao kuwa visiwa. Mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, ambao wakati huo ulikuwa bado unajengwa, uliwekewa masharti makali ya kuingia na kutoka. Kwingineko wafanyakazi walilala mgodini kwa wiki na hata miezi. Kampuni zilikuwa na hoja: virusi vikiingia katika zamu ya watu elfu moja, mgodi utasimama, na mgodi ukisimama ajira zitakwenda. Serikali nayo ilikuwa na hesabu zake. Sheria ya madini ya 2018 inaugawa mrabaha hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa mamlaka za chini ambako mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hakuna gavana ambaye angependa kuona mashine zimezimwa, na hazikuzimwa. Bei ya shaba ilishuka chini ya dola 5,000 kwa tani Machi 2020. Kufikia Mei 2021 ilikuwa imevuka dola 10,000. Uzalishaji wa nchi katika mwaka huo wa korona ulipanda hadi kama tani milioni 1.6.

Juni 2020 mashirika kumi na moja ya kiraia, ya Kongo na ya kimataifa, likiwemo RAID la Uingereza, yaliziandikia kampuni kumi na tatu za madini barua kuhusu wafanyakazi hao. Malalamiko yaliyotajwa yalikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo nguvu yake: chakula kidogo, maji yasiyotosha, watu kulala wakiwa wamebanana katika chumba kimoja huku wakihubiriwa kukaa mbalimbali, na uchaguzi kati ya kufungiwa na kupoteza kazi. Mwezi mmoja kabla ya barua hiyo, wafanyakazi wa Tenke Fungurume, mgodi uliokuwa unamilikiwa kwa sehemu kubwa na China Molybdenum, walikuwa wamegoma wakidai malipo ya nyongeza kwa siku walizofungiwa.

Mgomo huo una ushahidi zaidi kuliko takwimu zozote za uvumi. Waliogoma hawakusema virusi havipo. Hawakudai hata geti lifunguliwe kwanza. Walidai kwamba ikiwa miili yao ndiyo imefanywa ukuta wa kulinda uzalishaji, basi ukuta huo ulipwe. Hiyo ni lugha ya mkataba, na katika ukanda wa shaba ina historia ndefu.

Kolwezi ilijengwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga. Tayari tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilikuwa imeacha kutegemea vibarua wa muda na kuanza kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto. Ilitoa nyumba, posho ya unga, kliniki ya wajawazito, shule ya wamisionari. Ilitoa na jicho lililomfuata mtu mpaka chumbani. Afya ilikuwa sehemu ya utawala huo tangu mwanzo. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilitenganisha mji wa Wazungu na wa Waafrika kwa eneo tupu la mamia ya mita, na sababu iliyotolewa ilikuwa mbu na malaria. Kampuni ya serikali ya Gécamines iliurithi mfumo huo baada ya 1967 pamoja na hospitali zake. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha 2001 Bana Shaba abandonnés par leur père, na baba aliyewatelekeza wana wa Shaba katika jina hilo ni kampuni. Miaka miwili baada ya kitabu kutoka, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, ambao kwa heshima uliitwa kuondoka kwa hiari.

Kufungiwa kwa mwaka 2020 kunapaswa kusomwa kando ya kumbukumbu hiyo. Kampuni ya zamani ilimfunga mfanyakazi pamoja na nyumba yake. Ilimtawala, lakini mtoto akiugua alikuwa na kitanda katika hospitali ya kampuni. Ya sasa ilimchukua mfanyakazi peke yake na kuiacha familia Manika, nje ya uzio, ambako bei ya unga wa bukari hutegemea malori ya Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Kinga ilikomea getini. Tena wengi wa waliofungiwa hawakuwa hata na mkataba wa kampuni yenyewe: uchunguzi wa RAID wa mwaka 2021 katika migodi mitano mikubwa uliona kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi, asilimia 57, walikuwa chini ya makandarasi. Kwa hiyo aliyesema kwamba korona ni ugonjwa wa kampuni alikuwa amekosea kuhusu biolojia. Kuhusu mgawanyo wa ulinzi hakuwa amekosea.

Wachimbaji wa mikono walikuwa na hesabu nyingine. Mradi wa Mutoshi, kando ya Kolwezi, ambako kampuni ya Chemaf kwa kushirikiana na Trafigura ilikuwa imewaruhusu maelfu ya wachimbaji kufanya kazi ndani ya uzio wenye ukaguzi, ulisimamishwa Machi 2020. Wenzao wa nje waliendelea kuchimba, kwani asiyechimba leo hali leo. Hawa ni watu walioona zaidi ya wenzao 40 wakifukiwa katika shimo la mgodi wa KOV tarehe 27 Juni 2019. Kwao hatari ilikuwa na sura, kina na sauti ya udongo unaoporomoka. Kuwaambia wakae nyumbani kwa ajili ya kikohozi ambacho hawajakisikia kulihitaji kitu kizito zaidi ya bango.

Uvumi wenyewe nao una nasaba. Tarehe 1 Aprili 2020 daktari na mtafiti wa Ufaransa walizungumza katika televisheni ya LCI juu ya kufanyia Afrika majaribio ya chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona. Siku mbili baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, kiongozi wa mapambano ya kitaifa, mtu ambaye mwaka 1976 alichukua damu ya wagonjwa wa kwanza wa Ebola Yambuku bila glovu, alisema Kongo iko tayari kushiriki majaribio ya chanjo. Ghadhabu ilikuwa kubwa hivi kwamba ilibidi atoke tena kueleza kuwa majaribio yangeanza kule chanjo zinakotengenezwa. Katanga ilikuwa imekwisha kusikia hadithi za aina hii. Chini ya Wabelgiji watu walisimuliana habari za mutumbula, watekaji wa usiku wanaomkamata Mwafrika kwa ajili ya Mzungu ili anenepeshwe na kuliwa. Rhodesia ya Kaskazini walikuwapo banyama, na pwani mumiani. Rik Ceyssens aliandika juu ya mutumbula mwaka 1975, naye Luise White katika Speaking with Vampires, kitabu cha mwaka 2000, akaonyesha jinsi hadithi hizo zilivyofuata kazi, mishahara na vifaa vya kikoloni. Nakubaliana naye, ila kwa tahadhari moja: mtafiti akishaipenda hadithi kama kioo cha dhuluma, ni rahisi asahau kwamba hadithi hiyohiyo inaweza kumzuia mtu kumpeleka mgonjwa kliniki.

Na madhara yalikuwapo. Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Chanjo zilianza kutolewa Aprili 19 tu, na kama milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaisha muda wake. Lakini hata hapa shaka haikuwa ya wasiosoma peke yao: Rais Tshisekedi mwenyewe alikiri mwaka huo kwamba alikuwa na wasiwasi na AstraZeneca, akachanjwa baadaye kwa Moderna. Kama elimu peke yake ingekuwa dawa ya shaka, ikulu ingekuwa mahali pa mwisho kuikuta.

Pingamizi moja linastahili uzito. Inawezekana kusema kwamba Kolwezi ni kisa cha pekee, kwa kuwa kulikuwa na mwajiri wa kugomewa. Ni kweli, na pingamizi hilo linaikaza hoja. Septemba 2023 aina mpya ya virusi vya mpox ilianza kuonekana Kamituga, Kivu Kusini, mji wa dhahabu ambako uchimbaji mwingi ni wa mikono. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya dunia. Wataalamu waliwafuata wachimbaji na wanawake wa baa, wakapima, wakahesabu, wakaelimisha. Madai yale ya Fungurume, kwamba siku za kujikinga zilipwe, yana uzito uleule kwa mchimbaji wa Kamituga anayeambiwa akae ndani mpaka vidonda vikauke. Tofauti ni kwamba yeye hana ofisi ya mwajiri ya kuyapeleka.