Kiingereza bila daraja: Kutoka kwa Krapf hadi darasani Nuu

Mtoto wa Nuu, kule mashariki mwa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, akiandika insha ya Kiingereza kuhusu mamake halafu amrejelee kwa "he", mwalimu humpigia mstari mwekundu. Mbona kosa hili hujirudia kizazi baada ya kizazi? Wengi hudai ni uzembe tu. Historia inatueleza jambo tofauti.

Kosa lenyewe lina mantiki. Kikamba, sawa na Kiswahili, hakibagui mume na mke katika kiwakilishi. "Anakuja" yatosha kwa baba na kwa mama. Vilevile, "mũndũ", yaani mtu, hahitaji kijineno mbele yake, ilhali Kiingereza hudai "a" au "the". Mwanafunzi huyu hakosi akili, anafuata sarufi aliyolelewa nayo.

Tofauti za aina hii si ugunduzi wa juzi. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyehudumu chini ya shirika la Kiingereza, alifika Ukambani mwaka 1849 na kupokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Desemba mwaka huo aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Mwaka uliofuata, kitabu chake cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki kilichapishwa mjini Tübingen. Kikamba kilikuwa miongoni mwa lugha hizo, maneno yake yakiwa sambamba na ya Kiingereza. Hivyo basi, mgeni aliyetaka kujifunza Kikamba alijengewa daraja: alianza na lugha aliyoijua.

Je, mtoto Mkamba naye? Mwaka 1957, jijini Nairobi, yalianza majaribio ya kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, miongoni mwa wanafunzi wa asili ya Kiasia. Mtindo huo ulienea katika shule za Waafrika, na baada ya Uhuru Tume ya Ominde ya 1964 ikauunga mkono. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza, Kiingereza kikifunzwa kama somo. Pendekezo hilo ni zuri, lakini hadi leo shule nyingi hulikwepa. Isitoshe, Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya kwao alivyoadhibiwa na kufedheheshwa. Lugha ambayo ingekuwa daraja ikageuzwa kosa.

Pengo hilo huonekana zaidi kwenye nahau. Waingereza husema mtu "amepiga ndoo teke" wakimaanisha amekufa. Hebu fikiria nahau hiyo Nuu, ambako wakati wa kiangazi watu hufukua mchanga wa mto mkavu ili kupata maji. Kuipiga teke ndoo hapo ni kosa la kuchapiwa, si kifo! Mtoto akikaririshwa orodha ya nahau pasipo maelezo, ataishia kuzipachika ovyo kwenye insha. Lakini mwalimu akimwonyesha kwamba hata sisi tunaposema mzee "amekula chumvi nyingi" hatuzungumzii chakula, mara moja ataelewa kwamba maana ya nahau haimo katika neno mojamoja.

Hoja hapa si kukipinga Kiingereza. Mzazi wa Nuu anakitaka kwa sababu mtihani na kazi vinakidai, na ana haki. Hoja ni njia ya kukifikia. Mwalimu aweke sentensi mbili ubaoni, ya Kikamba na ya Kiingereza, kisha awaulize wanafunzi zinatofautiana wapi. Krapf aliwapangia wageni maneno sambamba wajifunze lugha yetu. Haifai mtoto wetu anyimwe mpangilio huohuo anapojifunza lugha ya wageni.