Kipimo cha Mwalimu: Habari ya Shule za Uingereza

Kuangalia kazi ya mwalimu ni jambo la haki. Mwenye shamba huenda kutazama mihogo yake. Msimamizi wa shule naye sharti aingie darasani. Lakini atapima kwa kipimo gani? Wasomaji wetu wengi wanasimamia shule za parokia. Ndiyo maana tunawaeleza habari ya Uingereza, inchi iliyojaribu kipimo kimoja kwa miaka zaidi ya 30.

Mwaka 1861 tume ya serikali ilisema kwamba watoto wengi wa maskini hutoka shuleni bila kujua vema kusoma wala hesabu. Basi mwaka 1862 Robert Lowe, mkubwa wa mambo ya masomo, akaleta sheria mpya. Kwa mtoto aliyepita miaka 6 shule iliweza kupata shilingi 12 kwa mwaka: 4 juu ya kuhudhuria, na 8 juu ya mtihani mbele ya mkaguzi. Akishindwa kusoma, shule ilipoteza shilingi 2 na peni 8, kuandika, vilevile, hesabu, vilevile. Shule za Wakatoliki zilizopokea msaada wa serikali ziliingia chini ya sheria hiyo hiyo.

Tusimcheke Lowe. Hakutaka fedha ya watu itupwe bure, na kweli waalimu walilazimishwa kuwatunza hata watoto wadogo na wazito, si wakubwa wenye akili tu. Lakini mara nyingi mshahara wa mwalimu ulitegemea fedha ile. Mwalimu afanye nini, naye ana watoto nyumbani? Akawakaririsha kitabu cha kusomea, mwanzo hata mwisho. Wakaguzi wakakuta mtoto anatamka maneno yote sawasawa, na kitabu mkononi kimepinduliwa juu chini! Historia na jiografia zikapungua.

Matthew Arnold, mshairi aliyefanya kazi ya ukaguzi miaka 35, aliandika wazi kwamba kwa hila mtoto aweza kupita mtihani bila kujua kusoma kwa kweli. Alihuzunika pia juu ya kazi yake mwenyewe: mkaguzi, ambaye zamani aliingia katika maisha yote ya shule, sasa alihesabu watoto mmoja mmoja kama mtoza kodi.

Katika miaka ya 1890 serikali iliiacha njia hii pole pole. Lakini mwaka 1911 Edmond Holmes, aliyekuwa mkubwa wa wakaguzi, alitoa kitabu akionyesha kwamba waalimu wengi, ingawa hakuna tena aliyewadai shilingi, walikuwa wakifundisha bado kwa desturi ile ile.